Killeen, Texas: Mji Unaolishwa na Kambi

Mji wa Killeen, katikati ya jimbo la Texas, ulianza mwaka 1882 kama kituo cha reli, na kwa miaka sitini riziki yake ilitoka kwenye pamba. Sensa ya 1940 ilihesabu watu 1,263. Miaka miwili baadaye jeshi la Marekani lilifika likitafuta uwanja mpana wa kuwafunza askari wa kupambana na vifaru, na familia zipatazo 300 za wakulima na wafugaji zikaambiwa zifungashe virago. Kufikia 1950 mji ulikuwa na watu 7,045. Sensa ya 2020 ilikuta 153,095. Mashamba ya pamba yamebaki kwenye picha za zamani. Kinachowalisha watu wote hao ni kambi hiyo ya jeshi, Fort Hood.

Jina hilo lenyewe limezunguka. Mwaka 2023 kambi iliitwa Fort Cavazos, kwa heshima ya jenerali mzaliwa wa Texas, na mwaka 2025 ikarudishiwa jina la Hood, safari hii akikumbukwa mwanajeshi mwingine aitwaye Hood, si yule wa mwanzo. Wachora mabango, bila shaka, hawakulala njaa.

Anayetaka kuelewa jinsi fedha za kambi zinavyoingia mtaani aanze na posho ya nyumba. Askari anayeishi uraiani hulipwa posho isiyokatwa kodi, na kiwango chake hutegemea cheo, kama ana familia, na eneo alikopangiwa. Viwango hivyo hutangazwa wazi kila mwaka. Mwenye nyumba wa Killeen hana haja ya kubahatisha bei ya pango: akijua mpangaji ni sajenti mwenye mke na mtoto, anajua pia serikali kuu inampa kiasi gani. Mpangaji huyo huhamishwa baada ya miaka michache, mwingine anaingia, na dalali anapata kazi upya.

Kisha kuna mshahara, unaoingia tarehe 1 na tarehe 15. Nje ya malango ya kambi pamejaa wauza magari yaliyotumika, vinyozi, mafundi wa kushona nembo za sare, maduka ya rehani, na migahawa ya Kikorea iliyotokana na familia za askari waliowahi kutumikia Korea Kusini. Walikuwapo pia, na wengi, wakopeshaji wa fedha za chapuchapu. Kijana wa miaka 19 mwenye mshahara usiokosa tarehe ni windo jepesi, na hali ilifikia mahali Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka 2006 kwamba mwanajeshi asitozwe riba na gharama zinazozidi asilimia 36 kwa mwaka.

  

Ukiacha wakopeshaji hao, hadi hapo ni neema tupu, na ndivyo wanasiasa wa Texas wanavyopenda kuisimulia. Hesabu za halmashauri ya mji zinasema jingine. Ardhi ya kambi ni ya serikali kuu, hivyo hailipiwi kodi ya ardhi wala majengo. Bidhaa zinazouzwa katika maduka ya ndani ya kambi hazitozwi kodi ya mauzo ya jimbo. Na Texas haina kodi ya mapato ya mtu binafsi, kwa hiyo kodi ya majengo ndiyo nguzo ya huduma za mji: polisi, zimamoto, barabara.

Hapo ndipo shida inapojitokeza. Tangu 2009, askari mstaafu mwenye ulemavu uliothibitishwa kwa asilimia 100 kutokana na utumishi wake amesamehewa kabisa kodi hiyo kwa nyumba anayoishi. Hakuna mwenye haya atakayempinga. Lakini msamaha umetolewa na jimbo zima, na wastaafu hawajatawanyika jimbo zima: hukaa karibu na kambi, penye hospitali na maduka yao. Mzigo ukawaangukia Killeen na majirani zake, Copperas Cove na Harker Heights. Mwaka 2015 bunge la jimbo lilikubali kuwafidia, lakini kwa sehemu tu, na malalamiko hayajaisha.

Kwa shule kuna nafuu. Tangu 1950 serikali kuu hutoa ruzuku kwa wilaya za shule zenye watoto wengi wa wanajeshi, kwa sababu ileile ya ardhi isiyotozwa kodi.

Hofu kubwa ya mji, hata hivyo, ni askari kuondoka. Walipopelekwa Ghuba mwaka 1990, na tena Iraki mwaka 2003 na 2004, biashara zilipoteza wateja kwa maelfu. Hao angalau walitarajiwa kurudi. Mwaka 2009 divisheni ya 4 ya askari wa miguu ilihamishiwa Fort Carson, Colorado, kwa uamuzi ambao Killeen haikuupigia kura.

Kambi ikifungwa kabisa, mahali ilipo ndiyo bahati yake. Kambi ya anga ya Bergstrom, jijini Austin, ilifungwa 1993. Mwaka 1999 ikawa uwanja wa ndege wa abiria wa jiji lililokuwa linakua kwa kasi. Mwaka huohuo wa 1993 ilifungwa kambi ya anga ya wanamaji ya Chase Field, karibu na mji mdogo wa Beeville, na sehemu yake ikageuzwa magereza. Ajira zilipatikana kote kuwili, ila za aina tofauti sana.

Duru ya mwisho ya kufunga kambi ilikuwa ya 2005, na nyingine haiwezi kuanza bila idhini ya Bunge la Marekani. Texas haikukaa kungoja: tangu 2003 ina tume yake ya masuala ya kambi chini ya ofisi ya gavana, na miji yenye kambi hupewa ruzuku ya barabara, maji na umeme ili Pentagon, yaani wizara ya ulinzi, isipate sababu ya kuhama.