Hisa Ijulikane kwa Namba Yake

Mji wa Lushoto umepata kuwa na majina mawili. Wajerumani walipoukalia waliuita Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao. Na utawala wao ulipovunjika katika Vita Kuu ya Kwanza, jina hilo likaondoka pamoja nao, mji ukaitwa Lushoto hata leo. Milima ni ile ile, mito ni ile ile, na watu ni wale wale. Lakini mtu atafutaye hati za mji huu za mwaka 1910, asipolijua jina la zamani, atapekua makaratasi yote asione kitu, naye ataondoka akiamini kwamba Lushoto ilianza baada ya vita.

Tumeitanguliza habari hiyo kwa kuwa jambo la namna iyo hiyo huwapata wananchi wanaoweka akiba yao katika hisa, na huwapata bila wao kujua.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwezi Aprili mwaka 1998, na hisa za kwanza kuuzwa humo zilikuwa za TOL, kampuni ya gesi. Baadaye zikaingia kampuni nyingi zinazojulikana na kila mtu: NMB mwaka 2008, CRDB mwaka 2009, Vodacom mwaka 2017. Siku hizi mwalimu wa Mlalo au mfanyakazi wa Soni hana haja ya kuteremka hadi Dar es Salaam ili ajue mali yake inakwendaje. Akiwa na akaunti ya CDS na simu mkononi, aweza kufungua programu inayochora bei za hisa kwa mistari, akaona zilivyopanda na zilivyoshuka mwaka hadi mwaka. Hayo ni maendeleo, nasi twayapokea kwa furaha.

Lakini programu ile haiijui kampuni. Haikuona kiwanda, wala haikusoma hesabu za mwaka. Inalolijua ni daftari la bei lililo ndani ya kompyuta, ambalo wataalamu huliita kanzidata. Na katika daftari hilo kila bei imeandikwa mbele ya jina. Jina likikosewa, mstari wote utakaochorwa ni uongo, hata kama bei zenyewe ziliandikwa sawasawa.

Na tuyatazame majina hayo. Kila hisa hupewa sokoni jina fupi la herufi chache. Watu wa Usambara wanaijua saruji ya Simba, itokayo Tanga. Kampuni yake, Tanga Cement, iliingia sokoni mwaka 2002, na jina lake fupi likawa SIMBA. Baadaye jina hilo likabadilishwa, hisa ikaitwa TCCL. Saruji ya Twiga nayo ilijulikana sokoni kwa jina la TWIGA, kisha ikawa TPCC. Kiwanda hakikuhama, na mwenye hisa hakupoteza hata moja. Lakini daftari linalofuata jina tu litaona kwamba SIMBA amekufa siku moja, na kwamba kesho yake amezaliwa mgeni aitwaye TCCL, asiye na historia. Mwananchi akitaka kujua bei ya miaka kumi iliyopita ataambiwa haipo. Ndiyo hadithi ya Wilhelmstal na Lushoto.

Tena majina yenyewe hufanana mno. TCC ni Kampuni ya Sigara, na TCCL ni saruji ya Tanga. Herufi moja tu ndiyo inayotenga sigara na saruji. Na hisa moja yaweza kuitwa hivi katika mji huu na vile katika mji mwingine. Shirika la Ndege la Kenya huandikwa KQ huko Nairobi, na KA huku Dar es Salaam. Kampuni ya bima ya Jubilee ni JUB kule, na JHL huku. Hata herufi DSE zina shida yake: ni jina la soko letu, ni jina la hisa za soko hilo hilo tangu lilipouza hisa zake mwaka 2016, tena ni jina la soko la Dhaka, nchini Bangladesh.

Mtu asidhani kwamba haya ni matatizo ya masoko machanga. Huko Marekani, mwaka 2020, wakati watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, wengi walitaka kununua hisa za kampuni ya Zoom, iliyowawezesha kufanya mikutano kwa kompyuta. Jina lake sokoni lilikuwa ZM. Jina ZOOM lilikuwa la kampuni nyingine ndogo, isiyohusika kabisa. Watu wakainunua ile ndogo kwa fedha zao halisi, hata ikalazimu wakuu wa masoko kusimamisha biashara ya hisa hizo mwezi Machi mwaka huo. Mwaka 2022 kampuni ya Facebook nayo iliacha jina la FB, ikachukua META. Na META lilikuwa limetumiwa na mfuko mwingine wa uwekezaji hadi mwezi Januari mwaka huo huo. Daftari lisiloangalia litaziunganisha bei za mfuko ule na bei za kampuni hii, kana kwamba ni kitu kimoja.

Basi dawa ni nini? Dawa ya kwanza ilikwisha patikana. Tangu mwaka 1981 kumekuwa na utaratibu wa kimataifa wa kuipa kila hisa namba yake, iitwayo ISIN. Namba hiyo ina nafasi 12: herufi mbili za nchi, kisha alama tisa za hisa yenyewe, na mwisho tarakimu moja ya ulinzi. Za Tanzania huanza na TZ, na za Kenya huanza na KE. Benki ya KCB, kwa mfano, ni KE0000000315. Facebook ilipojiita Meta, namba yake haikubadilika.

Tarakimu ile ya mwisho ina kazi kubwa, nayo yafaa kuelezwa. Kwanza herufi hugeuzwa kuwa hesabu: A ni 10, B ni 11, na kuendelea, hata K ikawa 20 na E ikawa 14. Namba ya KCB huwa basi 20140000000315. Kisha, kwa kuhesabu kutoka kulia, tarakimu ya pili, ya nne, ya sita na kadhalika huzidishwa mara mbili, na jibu likipita tisa, tarakimu zake mbili hujumlishwa. Mwisho zote hujumlishwa pamoja, na jumla lazima igawanyike kwa kumi. Ya KCB ni 20, basi ni sahihi. Karani akikosea akaandika 351 mahali pa 315, jumla itakuwa 15, na kompyuta itaikataa papo hapo. Jina halina mlinzi wa namna hiyo: anayeandika TCC badala ya TCCL hazuiwi na mtu.

Hata hivyo, namba peke yake haitoshi. Hisa za KCB huuzwa Nairobi, na tangu mwaka 2008 na 2009 ziliandikishwa pia Kampala, Dar es Salaam na Kigali. Hisa ni moja na namba ni moja, lakini bei hutajwa kwa shilingi ya Kenya, ya Uganda, ya Tanzania, na kwa faranga ya Rwanda. Daftari likichanganya bei ya Nairobi na bei ya Dar es Salaam, mstari utaruka juu kama mwehu, na mwenye hisa atadhani ametajirika usiku mmoja. Kwa hiyo bei yoyote hujulikana kwa mambo matatu: namba ya hisa, soko lililoitaja, na fedha iliyotumika. Masoko nayo yana alama zao za kimataifa za herufi nne: Dar es Salaam ni XDAR, na Nairobi ni XNAI.

Liko jambo la nne, nalo ni tarehe. Hapa yatufaa kujifunza kwa wataalamu wa mimea. Ua la urujuani la milima yetu, ambalo Baron Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ulaya mwaka 1892, liliitwa Saintpaulia mwaka uliofuata. Mwaka 2015 wataalamu wakaliingiza katika kundi la Streptocarpus. Habari zake za zamani hazikupotea, kwa sababu jina la mmea hufungwa kwenye mfano mmoja mkavu uliohifadhiwa, na majina yaliyotangulia huandikwa kando ya jipya. Daftari la hisa lifanye vivyo hivyo. Liipe kila hisa namba yake ya ndani isiyobadilika kamwe, kwa kuwa hata ISIN huweza kubadilishwa kampuni zinapoungana au hisa zinapogawanywa. Kisha kando yake yaandikwe majina yote, kila moja na siku lilipoanza na siku lilipokoma.

Na wafu wasifutwe. Kampuni ya dhahabu ya African Barrick Gold iliingia katika soko letu mwaka 2011 kwa jina la ABG. Mwaka 2014 ikawa Acacia, na jina lake sokoni likawa ACA. Mwaka 2019 Barrick ikanunua hisa zote zilizobaki, nayo ikatoka sokoni. Daftari linalofuta kampuni zilizotoka hubaki na zile zilizosalia tu, likamfanya msomaji aamini kwamba sokoni hakuna anayeanguka. Vivyo hivyo mgawanyo wa hisa uandikwe. KCB ilipogawanya hisa yake moja kuwa kumi mwaka 2007, bei ya kila hisa ilishuka hadi kama sehemu moja ya kumi, na mwenye mali hakupungukiwa na kitu. Katika mchoro usioeleza hayo, siku hiyo huonekana kama siku ya maafa.

Ndugu wasomaji, anayeumia kwa makosa haya si tajiri mwenye makarani na mawakili. Anayeumia ni mfanyakazi aliyejinyima, akanunua hisa mia mbili, naye huamua kuuza au kutunza kwa kutazama mstari katika simu. Kwa hiyo twatoa shauri. Madalali wa soko waandike namba ya hisa katika kila karatasi wanayompa mteja. Magazeti yanayochapa bei yaonyeshe soko na fedha. Vijana wetu watengenezao programu, nao sasa ni wengi, wasijenge daftari juu ya jina fupi, maana kujenga hivyo ni kujenga juu ya mchanga.

Nawe mwenye hisa, usikubali mchoro kabla ya kuuliza. Itazame namba iliyo katika hati yako ya CDS, uilinganishe na namba iliyo katika programu. Uliza bei hiyo ni ya soko gani na ni kwa fedha gani. Uiangalie na tarehe ya mauzo ya mwisho, kwa sababu hisa za nje huweza kukaa siku nyingi katika soko letu bila kuuzwa, na bei unayoiona ikawa ya zamani. Uonapo bei imeanguka au kupaa kwa siku moja pasipo sababu, uliza kwanza kama jina au idadi ya hisa imebadilishwa. Programu isiyoweza kujibu maswali hayo haistahili kuaminiwa kwa akiba ya mwaka mzima.

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari tunalo, tena limo mfukoni. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba mali iliyoandikwa humo ni yetu kweli.