Kabla ya kuzima kelele za Land Rover ya kale, ondoa kutu

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

ANAYEKARABATI Land Rover ya kale mjini Tunduma, mkoani Songwe, hana budi kuondoa kutu kabla ya kuzuia kelele.

Bodi ya gari hilo ni ya alumini, lakini chesisi na sehemu ya mbele ya kuwekea miguu ni za chuma. Zikifunikwa na unyevu wake, chuma huliwa kimyakimya.

Baada ya kukwangua kutu, kupaka rangi na kuziba matundu ya ukuta unaotenganisha injini na abiria, hubandikwa vipande maalumu vya lami vinavyotuliza mtetemo wa bati. Juu yake huwekwa sponji isiyofyonza maji, kisha zulia.

Mipira ya milango iliyochakaa nayo hubadilishwa, kwani upenyo mdogo hupitisha mngurumo mwingi.