Ngoma za Katavi Hazina Kiingilio

Mavuno yakiisha, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, mpunga ukiwa ghalani na fedha kidogo mfukoni, alasiri za Katavi huwa za ngoma. Hakuna tiketi wala lango. Anayepita na baiskeli husimama, mama aliyetumwa sokoni huchelewa kurudi, na watoto hupenya katikati ya miguu ya watu wazima mpaka mbele kabisa, pale vumbi linapotimka. Hakuna anayewafukuza.

Ngoma hizo ni za watu wengi tofauti, kwa sababu mkoa wenyewe umejaa watu waliokuja. Wabende, Wakonongo, Wapimbwe na Watongwe ndio waliokuwapo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, reli kutoka Kaliua ililetwa Mpanda kwa ajili ya mgodi wa risasi, nayo ikaleta wachimbaji na wachuuzi. Wafipa walipanda kutoka kusini, Waha wakashuka kutoka Kigoma. Wasukuma walianza kuingia na mifugo yao kwa wingi miaka ya 1970, wakitafuta malisho. Katavi ilipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, majirani hawa walikuwa wamekwisha kuzoeana kwa sauti kabla ya kuzoeana kwa lugha.

Kwa Wasukuma, ngoma kuwa bure ni sehemu ya kanuni ya mchezo. Vyama vyao viwili vya kale, Wagika na Wagalu, vilianzishwa na waganga wawili waliokuwa mahasimu, na hadi leo hushindana kwa namna isiyohitaji jaji. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila upande na ngoma zake na manju wake. Watazamaji huenda wanakovutwa. Upande uliobaki na umati mkubwa ndio ulioshinda. Ndiyo sababu mbwembwe hazina mwisho: wengine hucheza na nyoka hai, wengine hurusha majembe hewani na kuyadaka bila kupoteza mdundo, kama katika bugobogobo, ngoma iliyozaliwa shambani, watu walipolima pamoja kwa kufuata mapigo. Sasa fikiria mtu angewatoza watazamaji kiingilio. Mashindano yangekufa siku hiyohiyo, maana asiye na fedha ni kura iliyopotea. Aliyefurahi hutuza: huingia uwanjani na kumbandika mchezaji noti kwenye paji la uso. Anatoa baada ya kuona, na anatoa apendavyo.

Kuna wapigaji wengine waliokuja Katavi kwa njia ya machungu. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwakimbiza maelfu kwa maelfu ya watu, na Tanzania ikawapa ardhi: Katumba, karibu na Mpanda, kisha Mishamo mwaka 1978. Walifyeka msitu, wakalima, wakazaa. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu ya Tabora walipewa uraia wa Tanzania. Mwaka huohuo UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Hiyo ni ngoma ya kutazamwa kwa heshima. Wapigaji huingia wakiwa wameibeba kichwani, wakiipiga huku wanatembea. Hujipanga nusu duara. Katikati hukaa inkiranya, inayoongoza. Amashakwe hushika mdundo usiokatika. Ibishikiso huifuata inkiranya kila inapogeuka. Wapigaji hupokezana ile ya katikati, kila mmoja akiruka juu kadiri ya nguvu zake kabla ya kumwachia mwenzake. Zamani ilisikika katika umuganuro, sherehe ya mtama mbele ya mwami, yaani mfalme. Mwaka 1982 wapigaji wa Burundi walipanda jukwaani Uingereza katika tamasha la kwanza la muziki la WOMAD.

Mwaka 2017 serikali ya Burundi ilitoa amri: wanawake wasiipige ngoma hiyo, na vikundi viombe kibali na kulipa ada. Naheshimu uchungu wa kulinda kitu cha wahenga, lakini amri hiyo haivuki mpaka, na binti wa Katumba ni Mtanzania. Hapa nchini wanawake wa Kigogo hupiga muheme, ngoma wakiwa wameibana mapajani, na hakuna Mgogo anayeona utamaduni wake umepungua. Binti anayetaka kupiga apewe mikwiro.

Hata hivyo si kila ngoma ni ya uwanjani. Wenyeji wana matambiko yao. Ule mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, ambako mzimu wa Katabi unaaminiwa kukaa, hupelekewa sadaka na si watalii wa kelele. Ngoma ya tambiko iachwe kwa wenyewe, na anayetaka kuijua aombe ruhusa.

Hizi za wazi ndizo zinazonitia wasiwasi kwamba hazitarithishwa. Mpigaji hafundishwi darasani. Mtoto hukaa karibu, huambiwa akapashe ngozi joto kwenye moto wa majani ili ikaze, hujaribu kidogo wakubwa wanapopumzika, hukosea, huchekwa, hurudia. Mtoto wa mjini Mpanda hana nafasi hiyo. Mara nyingi huishika ngoma kwa mara ya kwanza kanisani, kwenye kwaya, kwa kuwa tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikani (1962–1965) ngoma zimeruhusiwa misani. Hilo ni jema, lakini halimfundishi kwa nini mdundo wa jirani yake Mrundi unatofautiana na wa babu yake Mkonongo.

Kwa hiyo nawaomba madiwani na maofisa utamaduni wa Mpanda: tengeni alasiri moja kila mwaka, baada ya mavuno, uwanja mmoja, bila kiingilio. Waiteni Wagika na Wagalu, Katumba na Mishamo, Wabende, Wafipa na Waha. Wakimaliza kucheza, ngoma zibaki uwanjani kwa saa nzima, wazee wakae nazo, na watoto waruhusiwe kuzipiga.