Haki mnadani: kijana, mbuzi na neno la dalali

MASKATI – Alfajiri ya Ijumaa, wakati mitaa mingi ya Maskati ingali kimya, barabara iendayo Nizwa huwa tayari imejaa magari madogo yaliyopakia mbuzi na kondoo. Ni safari ya kilomita zipatazo 150 kuelekea bara, na Ijumaa moja tuliifunga safari hiyo pamoja na familia ya Waomani wenye asili ya Unguja. Kijana wao wa miaka 14 alikuwa akipeleka mnadani mbuzi jike aliyemlea mwenyewe nyumbani kwao Sib. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuza mnyama, na babu yake alikuja naye.

Soko la mifugo la Nizwa liko karibu na ngome kubwa iliyojengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Seif wa ukoo wa Yaarubi, yule yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Wanunuzi hukaa na kusimama kwa duara, na wauzaji huzunguka katikati yao wakivuta wanyama kwa kamba huku wakitangaza bei kwa sauti. Anayevutiwa humsimamisha mnyama, humfungua mdomo kutazama meno, humpapasa mgongo na kiwele, kisha hutaja bei yake. Asipopandisha mwingine, biashara imekwisha.

Msomaji wetu wa Mombasa au Tanga hahitaji mkalimani hapa. Mnada na dalali ni maneno tuliyoyapata kwa Waarabu, na kazi yenyewe ni ile ile. Swali ni lile lile pia: je, mtu asiye na uzoefu, hasa kijana, anatendewa haki katika duara hilo?

Hila za zamani, sheria za zamani

Kila penye mnada pana hila. Ipo ya kumpa mnyama chumvi ili anywe maji mengi, tumbo lijae, aonekane amenona. Ipo ya kumweka rafiki katikati ya wanunuzi apandishe bei ilhali hana nia ya kununua. Na ipo ile iliyompata mmoja wetu miaka michache iliyopita, katika soko ambalo hatutalitaja. Alinunua mbuzi mwenye kiwele kilichojaa hadi kinang'aa. Siku ya kwanza maziwa yalikuwa mengi. Siku ya tatu hayakujaza kikombe. Mbuzi alikuwa ameachwa bila kukamuliwa kabla ya kuletwa sokoni.

Jambo la kuzingatia ni kuwa hila hizi si ngeni, na majibu yake si mageni. Mafundisho ya Mtume Muhammad (SAW) kuhusu biashara yanazitaja moja moja. Kupandisha bei kwa uongo, kunakoitwa najshi, kumekatazwa. Kumlimbikizia mnyama maziwa kiweleni kumekatazwa, na mnunuzi aliyedanganywa hivyo amepewa siku tatu za kuamua. Akitaka atabaki na mnyama, na akitaka atamrudisha pamoja na pishi moja ya tende kwa ajili ya maziwa aliyokwisha kuyatumia. Imekatazwa pia kuwaendea wafugaji njiani na kununua mali yao kabla hawajafika sokoni kujua bei.

Tuitazame vizuri kanuni hii ya mwisho. Inamlinda yule aliye mbali na habari. Katika Afrika Mashariki ya leo mtu huyo tunamfahamu. Ni mfugaji anayekutana na mchuuzi kilomita nyingi kabla ya mnada, anayeambiwa kuwa bei imeanguka, naye hana njia ya kuhakikisha.

Bei ya wazi na bei ya chini ya nguo

Mnada wa Nizwa una sifa moja kubwa: bei inatajwa mbele za watu. Si kila mahali mambo yako hivyo. Katika masoko ya mifugo ya Hargeisa na Burao, huko Somaliland, ni desturi ya miaka mingi mnunuzi na muuzaji kushikana mikono chini ya nguo na kupatana bei kwa vidole, bila jirani kujua. Wenye desturi hiyo wanasema inatunza siri na heshima ya wanaouziana. Hata hivyo, mtu mgeni hawezi kujifunza bei ya soko kwa kutazama mikono iliyofunikwa.

Huko kwetu Tanzania, katika minada kama ule wa Pugu, Dar es Salaam, ng'ombe wengi wamekuwa wakiuzwa kwa kukadiriwa kwa macho badala ya kupimwa kwa kilo. Jicho la mchuuzi aliyenunua maelfu ya ng'ombe na jicho la kijana anayeuza dume lake moja kulipa karo si macho yanayolingana. Mizani haina ukoo wala haina urafiki. Ndiyo maana wanaofaidika na makisio huwa hawana haraka ya kuiona ikitumika.

Aidha, kuna dhuluma isiyotoka kwa dalali yeyote. Mwaka 2000 Saudi Arabia ilifunga milango kwa mifugo kutoka Pembe ya Afrika kwa sababu ya homa ya Bonde la Ufa. Kuogopa ugonjwa kulikuwa na msingi, kwani homa hiyo huua watu pia. Lakini marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 2009, na wafugaji wa Kisomali ambao mifugo yao haikuwa na ugonjwa walibeba hasara pamoja na wengine. Pasipo daktari wa mifugo na cheti kinachoaminika, mnyama mzima na mgonjwa huwa na bei moja.

Watoto na wanyama

Mwenendo wa Ghuba kuhusu vijana na mifugo una ukurasa wa aibu na ukurasa wa kurekebisha. Kwa miaka mingi watoto wadogo kutoka Pakistan, Bangladesh, Sudan na Mauritania walipandishwa ngamia wa mashindano kwa sababu ya wepesi wa miili yao. Mwaka 2005 Umoja wa Falme za Kiarabu ulipiga marufuku kumtumia mtu wa chini ya miaka 18, na zaidi ya watoto 1,000 walirudishwa makwao kwa msaada wa UNICEF. Qatar nayo ilichukua hatua mwaka huo huo. Nafasi ya watoto ikachukuliwa na roboti ndogo zinazoongozwa kwa mbali. Mbio hazikufa. Kilichokwisha ni kisingizio kwamba haziwezekani bila watoto.

Udanganyifu nao haukuisha. Katika mashindano ya urembo wa ngamia nchini Saudi Arabia, ngamia 12 waliondolewa mwaka 2018 baada ya kugundulika kuwa wamechomwa sindano za botox, na mwaka 2021 waliondolewa zaidi ya 40. Zawadi za mwaka huo zilifikia dola milioni 66. Waandalizi walianza kutumia vipimo vya kitaalamu, na hilo ni jema. Lakini tujiulize kijana anayetazama anajifunza nini: kufuga, au kuficha?

Nchini Kenya, vilabu vya 4-K, vilivyozinduliwa upya mwaka 2021, vinawapa wanafunzi bustani, sungura na kuku wa kulea shuleni. Kuku wa mtoto akishindanishwa na kuku aliyelelewa na mtumishi wa mzazi tajiri, tuzo haimpimi mtoto tena. Inampima baba yake.

Na huko Marekani, ambako vijana huuza mifugo yao katika maonyesho ya wilaya, kisa cha mbuzi aitwaye Cedar kilizua mjadala mkubwa. Mwaka 2022, katika maonyesho ya Shasta jimboni California, msichana wa miaka 9 alibadili nia na kukataa mbuzi wake achinjwe. Mbuzi alikwisha kunadiwa kwa dola 902, na sehemu ya waandalizi katika fedha hizo ilikuwa dola 63 na senti 14. Mama yake alijitolea kufidia. Waandalizi walikataa, maofisa wa polisi wakasafiri mamia ya kilomita kumchukua mbuzi, naye akachinjwa. Mwaka 2024 familia ililipwa dola 300,000 kumaliza kesi. Yapo maoni kuwa ahadi ya mnadani ni ahadi, na hatuyapuuzi. Lakini sheria inayomwona mtoto kuwa mdogo wa kutia saini mkataba haiwezi kumwona mkubwa siku ya mnada peke yake.

Rial kumi na mbili

Turudi Nizwa. Mbuzi wa kijana wetu alikuwa mzuri wa kutazama, na bei ya kwanza ilikuwa rial 90. Hapo babu yake alimgusa bega. Chuchu moja ya mbuzi yule ilikuwa imekufa tangu alipougua, na jambo hilo halikuonekana kwa macho. Kijana alisita, kisha akamwambia mnunuzi. Mnunuzi akamshukuru na kujitoa. Mizunguko miwili baadaye mbuzi aliuzwa kwa rial 78 kwa mtu aliyeijua kasoro hiyo.

Njiani kurudi Maskati kijana alikaa kimya hadi tulipokaribia Fanja. Ndipo alipouliza kama wale wengine waliokuwa mnadani nao wangesema. Babu yake alimjibu kuwa yeye ameulizwa juu ya mbuzi wake tu, si mbuzi wa watu.

Jibu hilo linatosha kwa mtu mmoja mbele ya Mola wake. Kwa soko halitoshi. Penye mizani, cheti cha daktari wa mifugo, bei inayotajwa hadharani na siku chache za kumrudisha mnyama mwenye kasoro iliyofichwa, mkweli na mwongo huuza kwa masharti mamoja. Pasipo hayo, mkweli hulipa faini kwa ukweli wake. Leo ni rial 12. Na kijana wa miaka 14 anajua kuhesabu.