Kadi Ile Ile, Alama Mbili: Je, Kipimo Kikirudiwa Ukweli Hubadilika?

Huko Marekani kuna biashara kubwa ya kadi za kale zenye picha za wachezaji, hasa wa mchezo wa besiboli. Zamani kadi hizo zilitiwa ndani ya paketi za sigara au za chingamu. Leo ni mali ya thamani. Mwezi Agosti 2022, kadi ya Mickey Mantle iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952 iliuzwa kwa dola milioni 12.6.

Bei hutegemea sana hali ya kadi. Kwa hiyo kampuni za upimaji, kama vile PSA na SGC, huchunguza pembe, kingo, uso, na jinsi picha ilivyokaa katikati. Kisha kadi hupewa alama, kuanzia 1 hadi 10, na kufungwa ndani ya kasha gumu la plastiki.

Mwenye kadi asiyeridhika aweza kuipeleka kwa kampuni nyingine. Akiipeleka ikiwa ndani ya kasha lake, hutaja alama ya chini kabisa atakayoikubali. Isipofikiwa, hurudishiwa kadi kama ilivyokuwa. Akilivunja kasha, mpimaji mpya haioni alama ya kwanza, lakini kadi yaweza kuharibika, au kupewa alama ya chini zaidi.

Je, alama ya pili ni ya kweli kuliko ya kwanza? Tuchukulie mfano. Kuna kadi 80 zilizo mpakani mwa alama 7 na 8, hata kila upimaji ni sawa na kurusha sarafu. Mara ya kwanza kadi 40 hupata 8. Zile 40 zilizopata 7 zikipimwa tena, 20 hupata 8. Na 20 zilizobaki zikirudishwa mara ya tatu, 10 hupata 8. Sasa kadi 70 kati ya 80 zina alama 8, ingawa hakuna hata moja iliyobadilika! Isitoshe, ikiwa vibandiko vya zamani havikurejeshwa vifutwe, madaftari ya wapimaji yataonyesha kadi 140 badala ya 80.

Kosa haliko katika kurudia. Mwanasayansi hurudia kipimo, lakini huandika majibu yote na kutafuta wastani. Mwenye kadi husimama pale tu anapopata jibu alitakalo.

Tena, kurudia hakuponyi kila kosa. Kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA, mwaka 1991, ilikuwa ya Honus Wagner, nayo ilipewa alama 8. Mwaka 2013 mfanyabiashara Bill Mastro alikiri mahakamani kwamba alikuwa ameipunguza kingo zake kwa kuzikata. Ikiwa mpimaji hatambui mkato, hata akipima mara mia atakosea vile vile.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani. Achukue insha moja isiyo na jina, aitoe nakala tano, na kuwapa walimu watano waisahihishe, kila mmoja peke yake. Wanafunzi wazilinganishe alama hizo, kisha wajiulize: je, ni haki mwanafunzi mmoja apewe alama ya juu kuliko zote, na mwenziwe asahihishiwe mara moja tu?