Sime Isiyo na Mhuri

Mlinzi wa usiku wa Kimaasai ni sura ya kawaida kwenye mageti ya Eastlands, Nairobi, na mtaa wa Umoja haukosi wake: rungu mkononi, sime kiunoni ndani ya ala nyekundu ya ngozi. Sime kama hiyo ikirithiwa, au ikimfikia mwuza vitu vya kale, huongezewa umri papo hapo. Ni ya babu, huambiwa mteja, ya kabla ya Mzungu. Haina mhuri wala jina la mhunzi, basi nani atabisha?

Chuma chenyewe hubisha.

Asili haisumbui sana. Bapa jembamba upande wa mpini, pana kuelekea ncha, lisilo na kikinga mkono: hiyo ni sime ya bara, ya Wamaasai na majirani zao Wakikuyu na Wakamba. Upanga mrefu ulionyooka, wenye makali pande zote mbili, una ujamaa na Oman na huonekana zaidi pwani. Huo una mtego wake. Mabapa mengi yalitoka Ulaya, na alama ya mbwa-mwitu wa Solingen, Ujerumani, iliigwa na wahunzi wa nchi nyingi. Mhuri nao husema uongo.

Kazi iko kwenye umri. Kabla ya reli, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi 1899, wahunzi wa Kikuyu waliyeyusha mchanga wenye chuma kwa makaa ya miti. Chuma cha tanuri hizo hubaki na vipande vya mavi ya chuma vilivyonyooshwa na nyundo. Kwa lenzi huonekana kama nyuzi za mti. Chuma cha kisasa cha kiwandani hakina nyuzi hizo. Sime iliyofuliwa kutokana na tupa kuukuu huweza kubaki na vijino vyake, na iliyotoka kwenye springi ya lori mara nyingine hubaki na unene ule ule tangu mpini hadi ncha. Hiyo haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko magari.

Kipimo cha kaboni je? Chuma kilichoyeyushwa kwa makaa ya miti kinaweza kupimwa, ila bapa litakatwa kipande, na kwa vitu vya kati ya 1650 na 1950 majibu huwa mengi mno kusaidia.

Ala isomwe peke yake. Uzi wa nailoni kwenye mshono unataja umri wa ala, si wa bapa, maana ngozi huchakaa na kubadilishwa chuma kikiwa bado kizima. Adui mkubwa ni msasa: mwenye mali husugua ing'ae, na ushahidi huondoka na kutu.

Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya 2006 huhesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Sime ya springi iko nje ya mpaka huo, hata muuzaji akiapa. Yenye nyuzi za mavi ya chuma inastahili nauli ya matatu hadi Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi, na kutu yake yote.