Mshale Usemao Uongo: Kurekebisha Saa ya Mwendo ya Pikapu Kuukuu

Pikapu kuukuu ingali mhimili wa nyumba nyingi za pwani yetu. Ndiyo ibebayo madafu kutoka shamba, ndiyo iletayo mitungi ya maji mabomba yakaukapo, ndiyo ichukuayo sufuria za arusi, na siku ya msiba hubeba watu na majamvi. Peugeot 504, ambayo pikapu yake ilitoka mwaka 1979 na iliyounganishwa hapa hapa Kenya kwa miaka mingi, na Land Rover, iliyodhihiri mara ya kwanza mwaka 1948, bado zatembea barabara zetu zikiendeshwa na wajukuu wa wale walionunua. Injini zake hutunzwa kwa mapenzi. Rangi hupigwa upya kila zinapochujuka. Lakini saa ya mwendo, ile mafundi waiitayo spidomita, aghalabu huachwa ilivyo. Ukimuuliza mwenye gari atakwambia, "Hiyo hudanganya kidogo, lakini tumeizoea."

Neno hilo "tumeizoea" halinipendezi. Wazee wetu walipima nafaka kwa pishi na kibaba, na kila mama wa nyumba alikijua kibaba cha duka kilichobonyea kitako. Hakuna aliyesema amekizoea. Alikwenda duka jingine. Saa ya mwendo nayo ni kipimo, na kinachopimwa ni uzito wa chuma unaokwenda kasi mbele ya watoto wavukao barabara kwenda chuoni.

Ili tujue namna ya kuirekebisha, yafaa kwanza tujue namna ifanyavyo kazi, na wasomaji wetu wa kike wasiruke aya hii wakidhani ni ya mafundi tu, kwani haishindi cherehani kwa ugumu. Nyuma ya giaboksi, kwenye shafti ipelekayo nguvu kwenye magurudumu, pana gia ndogo mfano wa parafujo. Hiyo huzungusha kigia chenye meno, aghalabu cha plastiki, nacho huzungusha waya mrefu uliomo ndani ya mpira upandao hadi nyuma ya dashibodi. Mwisho wa waya ule hugeuza sumaku. Sumaku huzunguka karibu na kikombe kidogo cha alumini bila ya kukigusa. Alumini haivutwi na sumaku, hilo twalijua sote. Lakini sumaku izungukapo huamsha mikondo ya umeme ndani ya alumini, na mikondo hiyo hukifanya kikombe kitake kuifuata. Springi nyembamba kama unywele hukizuia. Kasi ikizidi, kikombe huishinda springi zaidi, na mshale uliobanwa juu yake hupanda. Otto Schulze, Mjerumani, alisajili uvumbuzi huu mwaka 1902, na kwa miaka mingi magari ya dunia nzima yaliutumia.

Zile tarakimu za kilomita zilizomo katika saa hiyo hiyo hazitegemei sumaku wala springi. Zenyewe huzungushwa na gia kwa gia, moja kwa moja kutoka kwenye waya. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu ndilo litakalotufichulia ugonjwa uko wapi.

Jirani yetu mmoja, mama mjane, aliachiwa na marehemu mumewe pikapu ambayo sasa mwanawe huitumia kupeleka samaki sokoni. Kijana alisimamishwa na askari wa barabarani ndani ya mji, mahali ambapo mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Mashine ya askari ilionyesha 57. Kijana aliapa kwamba mshale ulikuwa kwenye 50 kamili. Alirudi nyumbani na karatasi ya kwenda mahakamani, na mama yake akaghadhibika.

"Mwanangu, hata kuapa umejifunza?"

"Wallahi mama, panda nikuonyeshe."

Mama akapanda. Ilikuwa alfajiri ya Jumapili, barabara ya Malindi ikiwa tupu. Kijana aliushikilia mshale kwenye 50, na mama akapima kwa simu muda wa kupita kilomita moja iliyokuwa imepimwa sawasawa. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya 3600 kwa idadi ya sekunde, utapata kilomita kwa saa. Kwa mwendo wa 50 kilomita moja huchukua sekunde 72. Kwa 60 huchukua 60. Kwa 80 huchukua 45. Wao walitumia sekunde 63. Basi mwendo wa kweli ulikuwa 57. Askari alikuwa amesema kweli, na kijana naye hakusema uongo. Mwongo alikuwa mshale.

Siku hizi simu yenye programu ya kupima mwendo kwa setilaiti hutoa jibu hilo kwa wepesi zaidi, mradi barabara iwe imenyooka, mwendo usibadilike, na simu ishikwe na abiria. Dereva asome mshale peke yake. Pima kwa 30, kwa 50 na kwa 80, uandike, kwani kosa la mwendo mmoja halitoshi kuhukumu. Mshale ukizidisha au ukipunguza kwa tarakimu ile ile katika kila mwendo, na gari likisimama haurudi sawasawa kwenye sufuri, basi umeteleza tu kwenye kijiti chake. Ukikosea kwa sehemu ile ile ya mia, tatizo liko kwenye mzunguko wa waya, au kwenye sumaku na springi.

Kuyatenga hayo mawili ndiko kunakomshinda fundi wa haraka, ambaye hupenda kubadilisha kitu kwanza na kufikiri baadaye. Dawa ni kuzitazama zile tarakimu za kilomita. Endesha kilomita 10 za kweli. Saa ikihesabu 10 kamili ilhali mshale wakosea, waya hauna hatia. Ugonjwa umo ndani ya saa. Sumaku iliyochoka hupunguza mwendo, na springi iliyolegea huuzidisha. Tarakimu nazo zikikosea kwa kiasi kile kile cha mshale, saa ni nzima, na kosa liko chini: tairi, difu, au kigia cha plastiki.

Pikapu ya mama yule ilikuwa na yote mawili. Katika kilomita 10 saa ilihesabu tisa na nusu, yaani pungufu ya tano kwa mia, ilhali mshale ulipungua kumi na mbili kwa mia. Tano zilitoka chini, na zilizobaki zilitoka ndani ya saa.

Fundi mzee aliyeitazama hakufungua hata parafujo moja kabla ya kuinama kusoma ubavu wa tairi. Gari lilizaliwa na tairi za 185R14, ambazo kimo chake ni kama sentimita 65. Zilizofungwa zilikuwa 205R14, za sentimita 68 hivi, ambazo marehemu alizitaka ili apite matope ya shamba. Tairi kubwa huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, na waya haujui hilo. Wao huhesabu mizunguko tu. Kinyume chake pia ni kweli. Anayetoa 185R14 akafunga 185/70R14 kwa kuwa ameona 185 na 14 zimelingana, amefunga tairi fupi kwa karibu sentimita 4, na saa yake itamwambia 80 ilhali yuko kwenye 75.

Kisha fundi alifanya jambo ambalo kila mwenye uwanja aweza kulifanya. Juu ya saa nyingi za zamani, chini ya tarakimu au mgongoni, pana namba ndogo ielezayo waya uzunguke mara ngapi kwa kilomita moja au maili moja. Ya mama yule iliandikwa 1000 kwa kilomita. Waliuchomoa waya nyuma ya saa, wakaubandika kipande cha kadibodi mfano wa bendera, wakapima mita 20 kwa utepe, wakatoa gia na kulisukuma gari taratibu huku mama akihesabu. Ilitakiwa mizunguko 20. Alihesabu 19. Mara 50 ni 950: pungufu ya tano kwa mia, sawa na zile tarakimu zilivyosema. Gari na lipakiwe mzigo wake wa kawaida na tairi zijazwe upepo vizuri kabla ya kipimo hiki, kwani tairi iliyolegea hufupika.

Tiba ya kosa la chini ni ama kurudisha tairi za kimo cha asili, ama kubadilisha kigia. Kigia chenye meno mengi huzungusha waya polepole. Chenye meno machache huuzungusha kwa kasi. Kutoka meno 20 kwenda 19 huongeza takriban tano kwa mia, na ndivyo hasa pikapu ile ilivyohitaji. Lakini tairi zake zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo mama akachagua tairi, na kwa maoni yangu alichagua vyema, kwa sababu breki na usukani navyo vilipangwa kwa tairi zile.

Mshale utetemekao kama mgonjwa wa homa ni habari nyingine, na ni rahisi. Waya umekauka au umepindwa mno. Utoe, uoshe kwa mafuta ya taa, uufute, kisha uupake grisi nyepesi kidogo sana, na sehemu ya juu iliyo karibu na saa uiache bila kitu. Grisi nyingi hupanda na waya ikizunguka, huingia baina ya sumaku na kikombe, na hapo mshale huruka juu na kukwama. Nimeona saa zilizouawa na ukarimu wa grisi kuliko zilizouawa na uzee.

Kuna kosa jingine lisilo la chombo bali la msomaji wake. Land Rover nyingi za kale zahesabu maili. Kijana aliyezoea gari la Kijapani huona 50 akadhani yuko salama mjini, kumbe yuko kwenye kilomita 80 kwa saa. Kilomita 50 ni maili 31. Basi na itiwe alama nyekundu kwenye kioo mahali pa 31, na nyingine pa 50, ambayo ndiyo 80 ya kilomita.

Msomaji aweza kuuliza ni kosa kiasi gani livumiliwe. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39, ambayo watengenezaji wengi wa magari huifuata, yasema saa isionyeshe kamwe pungufu ya mwendo wa kweli. Kuzidisha kwaruhusiwa, hadi sehemu moja ya kumi na kilomita 4 juu yake. Gari liendalo 80 laweza kuonyesha hata 92. Yaani saa yaruhusiwa kutisha, hairuhusiwi kubembeleza. Ya mama yule ilikuwa ikibembeleza.

Sumaku yake haikutengenezeka, au haikuwa na faida kutengenezwa. Fundi alipata saa nzima kutoka gari lililovunjwa, akahakikisha kwanza kwamba nayo imeandikwa 1000. Kwa tairi mpya na saa ile, kilomita moja kwenye mshale wa 50 ilichukua sekunde 73. Kijana alikwenda mahakamani akakiri mwendo aliokwenda, akalipa faini.

Ila saa ile ya kuokota ilikuja na tarakimu za gari jingine, chache kuliko za kwao. Ni hapa wauzaji wa magari hupata tamaa. Katika fikhi ya biashara, mwenye kuuza kitu akijua aibu yake ni wajibu aibainishe, na mnunuzi aliyefichwa ana hiyari ya kukirudisha. Kilomita zilizopunguzwa zimo katika hukumu hiyo. Mama alichukua karatasi, akaandika tarehe, hesabu ya saa ya zamani siku ilipotolewa na hesabu ya saa mpya siku ilipowekwa, fundi akatia saini, naye akaihifadhi pamoja na kitabu cha gari. Nakala moja ameibandika ndani ya mlango wa dereva, chini ya tarehe ya kubadilisha oili.